Filamu ni yako, sasa tafuta mtayarishaji

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha. Ni mtayarishaji wa dokyumentari kwa miaka tisa sasa. Ametafuta fedha, amepanga ratiba, amesaini mikataba, amelala viwanja vya ndege juu ya masanduku ya vifaa, na filamu alizozisimamia zimefika kwenye matamasha zikiwa na jina la mwongozaji mwingine. Hivi karibuni hospitali moja imemruhusu kurekodi zamu ya usiku katika wodi ya watoto njiti. Wazo hilo alilipeleka kwa mwongozaji aliyezoea kufanya naye kazi. Mwongozaji akalipenda, akasema filamu itahusu uhaba wa vifaa. "Mwalimu," anaandika, "nilipomsikia nilihisi nimeporwa kitu. Mimi sioni filamu ya vifaa. Naona filamu ya kusubiri: mama anasubiri, muuguzi anasubiri, hata mtoto mwenyewe anasubiri. Je, nina haki ya kuiongoza? Nirudi chuo? Niache utayarishaji? Au nimwombe tuongoze wawili?"

Dada, nitatoa majibu kwanza, maelezo yafuate. Haki unayo. Chuo si lazima. Utayarishaji usiuache sasa. Kuongoza wawili, kwa hali uliyoieleza, ndiyo njia mbaya kuliko zote. Na nitakuomba jambo moja ambalo najua litakuuma: filamu hii usiitayarishe wewe.

Nasema haya kama mhariri. Kazi yangu imekuwa kukaa na waongozaji, wengi wao wakiwa kwenye filamu yao ya kwanza, mbele ya futeji, yaani picha ghafi, waliyorudi nayo, tukitafuta filamu imejificha wapi. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu uongozaji nimeyaona kutokea upande huo wa meza, siku ambazo mambo hayawezi tena kurekebishwa kwa kurudi lokesheni.

Kile ulichohisi umeporwa kina thamani kubwa kuliko ruhusa ya hospitali. Watu wawili wamesikia habari ya wodi ileile, wakaona filamu mbili. Hakuna aliyekosea. Filamu ya uhaba wa vifaa inaweza kuwa nzuri na ikasaidia watu. Lakini itarekodiwa kwa namna yake: kamera itaifuata mashine iliyoharibika, itafungua kabati tupu, itaingia ofisini kwa mganga mkuu. Ya kwako itakaa kwenye kiti kilicho pembeni ya mama na itabaki hapo. Ukishajua kamera ikae wapi na kwa nini, umeshaanza kuongoza. Kwa miaka tisa umekuwa ukimwachia mwenzako uamuzi huo kwa sababu ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya, na huenda uliufanya kimyakimya mara nyingi bila mtu kujua, wewe mwenyewe ukiwemo.

Wala hutakuwa wa kwanza kupita njia hii. Frederick Wiseman alikuwa mwanasheria na mwalimu wa sheria mjini Boston. Aliingia kwenye filamu kwa mlango wa utayarishaji: mwanzoni mwa miaka ya 1960 alinunua haki za riwaya moja, akamkabidhi Shirley Clarke aiongoze. Baada ya hapo akaamua kuongoza mwenyewe. Dokyumentari yake ya kwanza, ya mwaka 1967, aliirekodi ndani ya taasisi ya Massachusetts iliyowafungia wahalifu wenye maradhi ya akili, mahali alipopafahamu kwa sababu alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake wa sheria kupatembelea. Mlango huo alifunguliwa na kazi yake ya zamani, kama ulivyofunguliwa wewe. Amy Berg alikuwa akitayarisha habari za televisheni katika CBS na CNN kabla ya kuongoza dokyumentari yake ya mwaka 2006 kuhusu padri aliyewanajisi watoto, na filamu hiyo ikateuliwa kuwania Oscar. Wapo pia waliokwenda upande wa pili: John Grierson aliongoza filamu ya wavuvi mwaka 1929, kisha sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi iliyobaki akawa mtayarishaji wa filamu za wengine. Na katika televisheni ya Uingereza, vipindi vingi vya hali halisi hukabidhiwa mtu mmoja anayeajiriwa kwa cheo cha mtayarishaji na mwongozaji kwa pamoja. Ukuta unaouona mbele yako umejengwa zaidi na namna mikataba inavyoandikwa kuliko na kazi yenyewe.

Hata hivyo kuna jambo gumu, na hapa nitakaa kidogo.

Futeji ya mtayarishaji aliyegeuka mwongozaji naitambua mapema. Kila kitu kimo. Jengo kwa nje, korido, kibao cha mlangoni, mikono, saa ya ukutani. Mahojiano yamekamilika, kila swali lina jibu lake. Kila aliyeahidiwa kurekodiwa amerekodiwa. Mafaili yamepangwa kwa tarehe, fomu zimesainiwa, sauti iko safi. Kinachokosekana ni tukio, yaani dakika kadhaa ambazo mtu anaingia akiwa hivi na anatoka akiwa vingine, mbele ya macho yetu.

Sababu haina uhusiano na kipaji. Mtayarishaji amefunzwa kuondoa hatari. Anajua siku moja ya kurekodi inagharimu kiasi gani, hivyo lazima arudi na kitu mkononi. Akishakipata, mwili wake unatulia na kamera inazimwa. Mwongozaji wa dokyumentari anatakiwa kuvumilia hali ambayo mtayarishaji hulipwa kuizuia: kukaa mahali bila kujua kama kuna chochote kitatokea, huku saa zinakwenda na watu wanalipwa.

Nikupe mfano mmoja kutoka chumba cha kuhariri. Mwanamume mmoja amepokea barua ya mahakama aliyoingoja muda mrefu. Anakaa mezani, anaisoma kwa sauti hadi mwisho. Nyuma ya kamera mwongozaji anauliza, "Unajisikiaje?" Mwanamume anajibu, "Nimefarijika sana. Namshukuru Mungu." Jibu zuri, sentensi imekamilika, na unaweza kusikia jinsi timu nzima inavyoshusha pumzi. Lakini kabla picha haijakatika, anaanza kuikunja ile barua. Anaikunja nusu, kisha nusu tena, halafu tena, anabonyeza mkunjo kwa ukucha wa dole gumba, anaendelea kuikunja mpaka karatasi inakataa, na macho yake hayako mezani wala kwa anayemuuliza. Hapo ndipo kamera ilipozimwa. Mimi na mwongozaji tulizirudia sekunde hizo mara nyingi mno. Mtu aliyesema amefarijika alikuwa akifanya kitu kingine kabisa kwa mikono yake, na filamu ilikuwa kwenye mikono hiyo. Dakika mbili zaidi za subira zingetupa tukio. Tulichobaki nacho ni jibu.

Kwenye wodi yako jambo hili litakukabili kila usiku. Muuguzi ataandika kwenye faili, atapima joto, atarudi kukaa. Mama atakamua maziwa kwenye kikombe kidogo, atayatazama ni kiasi gani. Silika yako itakuambia muulize. Usimuulize. Kwa usiku wa mwanzo jiwekee sharti la kutouliza swali lolote kamera ikiwa inafanya kazi. Mahojiano yapo, utayafanya baadaye, mchana, ukishajua ni nini kilichobaki kisichoonekana kwa macho.

Kabla hata ya hapo, kaa wodini bila kamera. Nenda peke yako, kwa ruhusa, zamu kadhaa. Kila asubuhi kabla hujalala andika ukurasa mmoja, na usiandike kilichotokea. Andika kile ambacho hukuweza kuacha kukitazama. Baada ya zamu chache utaona jambo fulani linajirudia: labda muuguzi yuleyule, labda kiti kilekile, labda namna akina mama wanavyosikilizana bila kuangaliana. Kurasa hizo zitakuwa msingi wa filamu yako, na ni msaada mkubwa kwa mpigapicha wako kuliko orodha yoyote ya shoti.

Tukimgusa mpigapicha: waongozaji wapya wengi huniuliza kama lazima wajifunze kushika kamera. Inasaidia, lakini si sharti. Wiseman hakushika kamera kwenye filamu zake. Alirekodi sauti mwenyewe, akawa anamwelekeza mpigapicha kwa ishara na kwa mwelekeo wa maikrofoni yake, halafu akahariri mwenyewe. Kwako ningependekeza njia inayofanana na hiyo. Wodi ya watoto njiti haitaki watu wengi, kwa sababu ya maambukizi na kwa sababu ya heshima, kwa hiyo timu ya watu wawili ndiyo inayofaa: mpigapicha na wewe ukiwa na sauti. Utajifunza kusikiliza, na kusikiliza kutakufundisha kusubiri. Usiku taa hupunguzwa na hutaruhusiwa kuleta zako, basi tafuta kamera na lenzi zinazoona vizuri gizani. Na mashine zitalia usiku kucha. Mlio unaojirudia ukikatwa katikati, kila mkato utasikika, hivyo kila zamu rekodi dakika kadhaa za sauti ya chumba bila mtu kusema neno. Mhariri wako atakushukuru. Kubalianeni pia ishara ya kuzima: mpigapicha asizime mpaka umguse bega, hata akiona jambo limekwisha. Hasa akiona jambo limekwisha.

Sasa chuo. Ukiwa na nafasi na mtu wa kukulipia, miaka miwili ya kusoma haidhuru mtu. Lakini ulichopungukiwa hakifundishwi kwa mihadhara. Wewe unajua mkataba, haki za muziki, bima, mtiririko wa kazi baada ya kurekodi, mambo yanayowatoa jasho waongozaji waliosoma. Unachohitaji ni kukaa chumba cha kuhariri kwa muda mrefu, na si kwa nafasi uliyoizoea. Mtayarishaji huja siku ya kutazama, anasema hapa panachosha, hapa sikuelewa, anaondoka. Mara nyingi yuko sahihi. Mwongozaji ndiye anayebaki na lile tatizo usiku huo na kulitafutia jawabu kutoka kwenye picha zilizopo. Basi omba futeji ya mradi wowote uliokwisha, hata mmoja kati ya uliosimamia, ukiwa na ruhusa ya wenyewe. Chukua saa moja ya picha ghafi, jenga tukio moja la dakika nne bila sauti ya msimulizi na bila muziki. Fanya hivyo mpaka mtu asiyejua habari hiyo aangalie na akueleze ni nini kilichotokea ndani yake. Nimeona watu wakijifunza mengi kwa zoezi hilo moja.

Halafu tengeneza filamu fupi. Wodi yenyewe inaweza kukupa: usiku mmoja, mama mmoja, kuanzia zamu inapoingia hadi inapotoka. Ijengwe isimame yenyewe, isiwe kipande cha filamu ndefu wala tangazo lake. Kwa Oscar, dokyumentari fupi ni isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini kwako ningesema dakika 12 hadi 20 zinatosha. Zipo nafasi za filamu kama hizo: mfululizo wa Op-Docs ambao The New York Times iliuanzisha mwaka 2011 huchapisha dokyumentari fupi za waongozaji mbalimbali, na karibu kila tamasha kubwa lina sehemu ya filamu fupi. Jambo kubwa ni kwamba filamu hiyo iwe na jina lako peke yako kwenye nafasi ya mwongozaji. Wafadhili wanaokufahamu wanakufahamu kama mtu anayejibu barua pepe kwa wakati na kufunga hesabu. Ni sifa nzuri, lakini ukiwaambia unaongoza watatabasamu na kukuuliza nani anaongoza kweli. Maelezo hayatawageuza. Dakika 15 zilizofanyika vizuri zitawageuza.

Nimekuomba usiitayarishe filamu hii mwenyewe. Najua unavyofikiri: nani ataisimamia vizuri kuliko mimi, na kwa nini nigawe fedha kidogo zilizopo? Nisikilize.

Kuna siku itafika, mara nyingi katikati ya uhariri, ambapo filamu inadai kitu kisicho kwenye bajeti. Labda muuguzi wako mkuu anahamishwa na unataka kurudi kurekodi zamu yake ya mwisho. Mwongozaji anatakiwa kulidai kwa nguvu zake zote. Mtayarishaji anatakiwa kuuliza ni kwa nini, na ni kitu gani kitakatwa mahali pengine. Mabishano hayo, yakifanywa na watu wawili wanaoheshimiana, huiboresha filamu, maana mwongozaji hulazimika kusema wazi anachokitafuta. Yakifanyika ndani ya kichwa kimoja, yule aliyezoea zaidi kuzungumza ndiye anayeshinda. Kwa mtu wa miaka tisa ya bajeti huyo ni mtayarishaji. Utajikatalia kabla hujajiomba, na hutajua kwamba umejikatalia. Nimeona filamu zenye uwezo mkubwa zikiisha zikiwa nadhifu na baridi kwa sababu hiyo tu.

Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi. Kwenye masoko ya dokyumentari, kama Forum ya tamasha la IDFA mjini Amsterdam inayofanyika tangu 1993, au Durban FilmMart iliyoanza 2010, kwa kawaida mradi hunadiwa na mwongozaji na mtayarishaji wakiwa pamoja. Umeshakaa meza hizo. Unajua jinsi wanunuzi wanavyomtazama mmoja wanapouliza kuhusu hadithi, na kumtazama mwingine wanapouliza kuhusu ratiba. Ukienda peke yako, maswali ya ratiba utayajibu kwa raha, kwa sababu ndiko uliko mwepesi, na muda utaisha kabla hawajasikia kwa nini wewe.

Mtafute mtu ambaye hakuogopi. Mtayarishaji chipukizi aliyewahi kuwa msaidizi wako atakuwa anakutazama usoni kabla ya kila uamuzi. Heri mwenye uzoefu wa wastani aliye tayari kukuambia hapana, na umkabidhi kazi kweli: akaunti ya benki, mawasiliano na wafadhili, kalenda. Ukianza kumrekebisha lahajedwali lake saa sita za usiku, jua umeikimbia filamu yako.

Kuhusu maombi ya fedha sina mengi, kwa sababu unayajua kuliko mimi. Ila tamko la mwongozaji hujawahi kuliandika kwa nafsi yako, umeandika la wengine. Najua unaweza kufungua ombi kwa takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati, karibu mtoto 1 kati ya 10. Iweke, ni ya kweli na ina uzito. Lakini isiwe mstari wa kwanza, maana mtu yeyote anaweza kuinakili. Mstari wa kwanza utoke kwenye zile kurasa za asubuhi. Na unapoambatisha picha za sampuli, tuma tukio moja lililokamilika badala ya trela yenye muziki. Trela huonyesha kwamba mhariri wako anajua kazi. Tukio linaonyesha kwamba wewe unaona. Angalia pia mifuko inayolenga watu wa hali yako: Chicken & Egg ya Marekani, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2005 kuwasaidia wanawake wanaoongoza dokyumentari.

Kipato. Bajeti ikibana, malipo ya mwongozaji huwa miongoni mwa mistari ya kwanza kukatwa, nawe unalifahamu hilo vizuri. Filamu ya kwanza inaweza kuchukua miaka kadhaa bila kukulipa unachostahili. Ndiyo maana sikushauri uache utayarishaji. Endelea kutayarisha filamu za wengine, lakini mradi mmoja kwa wakati, na uchague ulio kwenye hatua tofauti na wako: mmoja ukiwa unarekodiwa, mwingine uwe unatafutiwa fedha. Kuongoza na kutayarisha vyote vikiwa lokesheni msimu mmoja ni kuviumiza vyote. Na unapojitambulisha kwenye hadhara, sema mwongozaji na mtayarishaji, kwa mpangilio huo, bila kuomba radhi. Watu hukupa kazi kulingana na neno la kwanza walilolisikia.

Nije kwenye ridhaa, jambo linalonihangaisha zaidi kwenye mradi wako kuliko fedha na vifaa.

Kama mtayarishaji, fomu ya ridhaa ulikuwa unaikusanya ili filamu ilindwe. Mwongozaji ndiye atakayekaa ukumbini na yule mama siku ya onyesho. Mama aliyejifungua miezi miwili kabla ya wakati, saa nane za usiku, atasaini karatasi yoyote utakayompa, hasa ukiwa umekuja na muuguzi anayemhudumia mwanawe. Saini hiyo inaweza kukutosha kisheria, lakini usiitegemee. Mweleze mapema, mrekodi ikiwa amekubali, lakini fomu aisaini baada ya siku kadhaa, mchana, akiwa na mwenzake au ndugu, na bora aulizwe tena na mtu asiye wa timu yako, labda ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Andika wazi hadi hatua gani anaweza kujitoa. Andika pia, ingawa ni vigumu hata kuliweka kwenye karatasi, nani ataamua kuhusu picha endapo mtoto hatapona. Mazungumzo hayo usimwachie mtayarishaji wako. Yafanye wewe.

Wauguzi nao watazame kwa makini. Hospitali imekuruhusu, lakini ruhusa ya mwajiri haimfungi muuguzi kukubali kwa moyo. Anaweza kuona hana uhuru wa kukataa. Mpe nafasi ya kukataa bila mkubwa wake kujua, kwa mfano kwa kukuambia tu kwamba zamu hiyo usije. Ile filamu ya kwanza ya Wiseman niliyoitaja ilizuiwa na mahakama ya Massachusetts kuonyeshwa kwa umma hadi mwaka 1991, hoja kuu ikiwa faragha ya waliorekodiwa. Watu bado wanabishana kama mahakama ilikuwa sahihi. Mimi nachukua funzo dogo tu humo: taasisi inayokukaribisha leo inaweza kubadili msimamo ikishajiona kwenye skrini, na kitakachobaki mikononi mwako ni makubaliano yako na mtu mmoja mmoja.

Sasa rafiki yako mwongozaji. Umeniuliza kama mgawane uongozaji. Watu wawili huongoza vizuri pamoja pale ambapo wote wanaiona filamu moja tangu siku ya kwanza na kila mmoja anaona upande ambao mwenzake haufikii. Ninyi mmeona filamu mbili tangu mazungumzo ya kwanza. Mkiungana, kila usiku wodini mtapatana katikati, na katikati ya kusubiri na uhaba wa vifaa kuna filamu isiyo ya yeyote. Usimpe nusu ya uongozaji ili asikasirike, na usikubali nusu kama zawadi ya kuleta ruhusa. Aliyeleta ruhusa anaweza kutambuliwa kwa njia nyingine.

Mwambie ana kwa ana, kabla hajaanza kuandika chochote. Usimwambie wazo lake ni dhaifu, kwa sababu si dhaifu. Mwambie umeona filamu tofauti na unataka kuijaribu mwenyewe. Akitaka kufanya ya vifaa, ipo hospitali nyingine, na unaweza kumsaidia kupata mlango. Kama ni mtu wa kazi ataelewa, labda si siku hiyohiyo. Ukiona anafaa, mwombe aje kutazama mkato wako wa kwanza, yaani toleo la kwanza la filamu lililohaririwa. Mtu aliyeiona filamu nyingine kabisa mahali palepale atakuonyesha usichokiona.

Na kuna kitu cha kufanya wiki hii, kabla ya hayo yote. Itazame barua ya hospitali. Imetolewa kwa jina la nani? Kama ni kwa kampuni unayofanyia kazi, au inamtaja mwenzako kama mwongozaji, au inaeleza filamu kuhusu vifaa, rudi kwa mganga mkuu umweleze kilichobadilika, hata kama unaogopa atakataa. Pata barua mpya yenye jina lako na maelezo ya filamu unayokusudia kweli, kisha mpelekee nakala muuguzi kiongozi wa zamu ya usiku, umsomee, usubiri maswali yake.